Julius Nyerere: Mwalimu, Mfasiri na Mjenzi wa Sentensi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake alikuwa Mugaya Nyang'ombe. Lugha ya kwanza ya mtoto huyo ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alifundishwa baada ya kuingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na Kiingereza kikakomaa Tabora alikopelekwa mwaka 1937. Lugha zote mbili zilizompa umaarufu wa usemi, basi, alizipata shuleni.

Alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikotunukiwa shahada ya M.A. mwaka 1952. Miongoni mwa masomo yake yalikuwamo fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi na falsafa ya maadili. Aliporejea alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huohuo wa 1955 alikwenda New York kuitetea Tanganyika kwa Kiingereza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 Rais huyo akachapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Kiini cha tamthilia hiyo ni mashindano ya hotuba mbili mbele ya maiti moja. Brutus husema kwa nathari: sentensi zake zimepimwa kama mizani, sehemu moja ikikabiliana na nyingine kwa tanakuzi, na maswali yake ya balagha yamekwisha kubeba majibu. Antony humfuata kwa mistari ya ushairi, akilirudia neno moja la sifa mpaka takriri inageuka kejeli, na umati unahama upande. Mfasiri wa hotuba hizo hulazimika kuona jinsi mbinu ileile inavyoweza kuwaelimisha watu au kuwachochea.

Miaka minne baadaye mbinu hizo zilipata kazi nyingine chini ya Mlima Meru. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha. Azimio lililotokana na kikao hicho lilitangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari, nalo limebeba mkono wa Nyerere waziwazi. Katika sehemu ya kujitegemea, umaskini umechorwa kwa sitiari ya vita, na fedha zikawa silaha iliyochaguliwa kimakosa. Maswali ya balagha yanafuatana: yanauliza fedha zitatoka wapi, na nchi itategemeaje misaada ya wengine bila kuhatarisha uhuru wake.

Hata hivyo, kilele cha maandishi hayo hakikuazimwa Uingereza. Kimejengwa juu ya vitenzi vitatu tu: kuonea, kunyonya na kupuuza. Kwanza vitenzi hivyo vinakuja katika kauli ya kutendwa na hali timilifu, kila kimoja katika sentensi yake fupi. Hayo ndiyo malalamiko. Kisha vinarudi katika dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi linaloishia kwa -e, na sasa unyonge wenyewe unatajwa kuwa chanzo. Mwishowe vinarudi kwa kukanushwa, kwa kiambishi -si-, na malalamiko yamekuwa nia. Mizizi haijabadilika, viambishi peke yake vimelitoa taifa katika yaliyopita na kulielekeza kwenye yajayo. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kufanya kazi inayofanywa hapo na neno moja.

Umbo hilohilo la kukanusha linatawala pia masharti ya uongozi, lakini katika nafsi ya tatu umoja. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Hapa hakuna sitiari wala swali. Sarufi iliyowaahidi wananchi kwamba hawataonewa ndiyo iliyomfunga mikono kiongozi.

Maandishi ya asili ya Azimio ni ya Kiswahili. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na utata, na ile iliyoingizwa katika kitabu cha Nyerere cha insha kuhusu ujamaa, kilichotoka mwaka 1968, ilikuwa imesahihishwa. Kwa mara hiyo Kiingereza ndicho kilichotakiwa kukifuata Kiswahili.

Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara, lakini katika siasa za ujamaa lilikuwa limekwisha kumtaja mwenye mtaji anayenyonya wengine. Nyerere alilichagua, tena katika wingi, ingawa jina la Kiingereza linataja mtu mmoja. Mabepari wa Venisi likawa jina la tamthilia na hukumu kwa pamoja.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, uchumi ukiwa katika hali ngumu. Mwaka 1991 uamuzi wa chama uliojulikana kama Azimio la Zanzibar ulilegeza masharti ya uongozi, naye akaukosoa hadharani. Katika miaka yake ya mwisho alirudi Arusha kusuluhisha mgogoro wa Burundi, lakini alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mkataba ukiwa haujatiwa saini. Alizikwa Butiama. Huko Kaloleni, Arusha, jengo la kikao cha mwaka 1967 limekuwa makumbusho tangu mwaka 1977. Masharti yaliyoandikwa humo yameacha kuwafunga viongozi, ila vitenzi vitatu vya Azimio bado vinanukuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.