Martha Graham: mama aliyemtoa mke wa mfalme nyuma ya pazia

Haya wadau, leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulifanya mchezo wa kuigiza shuleni, nikapewa nafasi ya mke wa mfalme. Nilifurahi, nyumbani nikatangaza mpaka kwa majirani. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti kimya, halafu baadaye mjumbe anakuja kumwambia mfalme kuwa mkewe amefariki. Basi. Nilifia nyuma ya pazia huku nakula andazi. Hakuna aliyeuliza yule mama alikufa akiwaza nini.

Nimelikumbuka hilo juzi baada ya kuona kwenye simu filamu ya zamani, isiyo na rangi, ya dansi inayoitwa Night Journey. Aliyeitunga ni Mmarekani, Martha Graham. Nikaanza kumsoma huyu mama, na nilichokikuta nimeona nisile peke yangu.

Martha alizaliwa Mei 11, 1894 huko Allegheny, mji ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na ndiye aliyemfundisha kuwa mwili wa mtu husema kweli hata pale mdomo unapodanganya. Mwaka 1908 familia ilihamia Santa Barbara, California. Mwaka 1911 alipelekwa Los Angeles kumwona Ruth St. Denis akicheza jukwaani, na kuanzia hapo binti hakutaka kitu kingine. Ila kwao walikuwa watu wa dini sana, na dansi haikuhesabiwa kuwa kazi ya binti wa daktari. Baba alifariki 1914, na 1916 ndipo Martha akaingia Denishawn, shule ya huyo huyo Ruth na mumewe Ted Shawn. Alikuwa na miaka 22. Kwa wacheza dansi huo ni uzee, wenzake wanaanza wakiwa watoto. Wewe unayeambiwa kila siku kuwa umechelewa, shika hilo.

Aprili 18, 1926 alifanya onyesho lake mwenyewe la kwanza New York. Kundi alilolijenga baadaye lilikuwa la wanawake watupu, mpaka mwaka 1938 alipoingia mwanamume wa kwanza, Erick Hawkins, ambaye baadaye alifunga naye ndoa, na ndoa yenyewe haikudumu.

Sasa nini kilikuwa kipya kwake? Mcheza baleti anasimama juu ya ncha za vidole kama vile mwili hauna uzito. Martha alivua viatu akawarudisha wachezaji wake chini, sakafuni. Kila kitu kilianzia tumboni: unatoa pumzi, tumbo linabonyea ndani kama mtu aliyepigwa, halafu unaachia. Kama umewahi kukaa msibani utaelewa haraka, maana kilio cha kweli hakianzii machoni, kinaanzia tumboni. Katika Lamentation ya mwaka 1930 yuko peke yake, amekaa kwenye benchi, amejifunika kitambaa kinachovutika mwili mzima, anahangaika ndani yake. Hata jina la aliyekufa hatuambiwi, na huzuni tunaiona.

Mwaka 1936 Ujerumani ya Hitler ilimwalika kucheza kwenye tamasha la dansi lililoambatana na Olimpiki ya Berlin. Alikataa. Wasanii wenzake walikuwa wanateswa kule, na katika kundi lake mwenyewe kulikuwa na Wayahudi. Kwa msanii anayejitafutia jina mwaliko kama ule si mdogo, lakini alisema hapana.

Turudi kwa wake za wafalme. Kuanzia miaka ya 1940 Martha alianza kuwachukua wanawake wa hadithi za kale na kuwaweka katikati ya jukwaa. Mwaka 1946 alimcheza Medea katika Cave of the Heart. Mwaka 1947 ikaja Errand into the Maze, ambamo mwanamke mwenyewe anaingia ndani kupambana na lile dude nusu mtu nusu ng'ombe, wakati katika hadithi ya asili Ariadne anabaki nje na shujaa ni mwanamume. Mwaka 1955 ikawa zamu ya Joan of Arc.

Night Journey nayo ni ya 1947. Katika tamthilia ya Sophocles, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, malkia Jocasta anagundua kuwa mume aliyezaa naye ni mwanawe mwenyewe. Anaingia ndani, na habari za kifo chake tunaletewa na mjumbe. Yaani ni mimi kabisa na andazi langu! Martha akaligeuza jambo. Dansi inaanza Jocasta yuko mbele yetu, kamba mkononi, na tunayoyaona ni yale anayoyakumbuka kabla hajafa. Mfalme sasa ndiye mgeni katika hadithi ya mkewe.

Halafu mwaka 1958, akiwa na miaka 63, akatoa Clytemnestra, dansi ya jioni nzima, na akaicheza mwenyewe. Muziki aliutunga Halim El-Dabh, Mwafrika mwenzetu mzaliwa wa Cairo. Wengi wanamjua Clytemnestra kama mke aliyemuua mumewe, Agamemnon, aliporudi kutoka vita vya Troy. Martha anaanzia kuzimu, mama huyu anadharauliwa hata na wafu, naye anauliza kwa nini. Ndipo tunarudishwa nyuma: kabla ya vita, Agamemnon alimtoa kafara binti yao Iphigenia ili apate upepo wa kupeleka merikebu zake. Sikusema kuua ni sawa, na Martha hamtetei hivyo. Anamfanya atazame aliyotenda pamoja na aliyotendewa. Kesi inasikilizwa pande zote mbili.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na kuachia nafasi zake kwa vijana kulimshinda. Alicheza mpaka umri wa miaka sabini na kitu, na alipolazimika kuacha akazama kwenye pombe mpaka akalazwa hospitali. Lakini aliinuka, akaacha pombe, akarudi kuongoza kundi miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1976 Rais Ford, ambaye mkewe Betty aliwahi kuwa mwanafunzi wa Martha, alimpa nishani ya juu kabisa ya raia Marekani. Dansi yake ya mwisho kuikamilisha, Maple Leaf Rag, ni ya 1990. Alifariki Aprili 1, 1991, akiwa na miaka 96, siku na mwezi ule ule ilipoanza Clytemnestra miaka 33 kabla.

Alitunga dansi 181. Baada ya kifo chake mrithi wake na kituo alichokianzisha mwenyewe walifikishana mahakamani kugombea dansi hizo. Mwaka 2002 mahakama ya New York iliamua kuwa nyingi ni za kituo, kwa sababu alizitunga akiwa mwajiriwa wake. Hebu fikiria: mama aliyewapa wanawake wa kale nafasi ya kujieleza, yeye mwenyewe akaishia kusemewa na mawakili. Sisi vibarua wa kalamu tusome mikataba kabla ya kusaini.

Tangu nimsome, kila hadithi naisikia tofauti. Nikisikia malkia aliingia ndani akafa, nataka kujua kule ndani kulitokea nini. Na wewe mdau, katika hadithi alizokusimulia bibi yako, ni mwanamke gani alikufa kimya? Tuletee jina lake hapa.