Obama baba: mapenzi ya iniversite ambayo hayakuisha kama kitabu

Hapa Kisangani, ku iniversite na ku masomo mengine ya juu, vijana wanasoma sana vitabu vya mapenzi. Zamani ilikuwa kitabu kidogo cha Kifaransa kinachopita mkono kwa mkono mpaka karatasi ya juu inatoka. Leo ni simu. Lakini hadithi ni ile ile. Msichana wa familia tulivu, kijana aliyetoka mbali, hawafanani hata kidogo. Wanakaa benchi moja. Randevu ya kwanza inaharibika. Wazazi wanakataa. Halafu kuna siri moja ambayo kijana ameificha, inatoka kitabu kikikaribia kuisha, msichana analia, wanaachana. Mwishoni mvua inanyesha, ama ndege iko tayari kuruka, na kijana anafika mbio. Wanaoana.

Leo tunawaletea, wasikilizaji, maisha ya mtu mmoja aliyeishi hadithi hiyo karibu yote, na siri ndani, ila ile mvua ya mwisho haikunyesha. Ni Barack Obama. Hapana prezida, baba yake, waliyechangia jina. Alikufa mwaka 1982, wakati mtoto alikuwa bado mwanafunzi ku New York, na nje ya Kenya watu waliomjua walikuwa wachache.

Alizaliwa 1936, upande wa Kendu Bay, kandokando ya ziwa Victoria, kwa Wajaluo. Lugha yao ni ndugu ya ile ya Waalur wa Mahagi, jirani zetu wa Ituri. Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa wazungu, mtu mkali sana, anayependa usafi na utaratibu kupita kiasi, aliyeingia dini ya Uislamu. Mama yake, Akumu, alichoka na ukali huo, akakimbia nyumba na kuacha watoto. Wakalelewa na bibi mwingine wa Onyango, Sarah, yule bikizee wa Kogelo ambaye dunia nzima ilikuja kumwona ku televisheni, na aliyefariki mwaka 2021.

Kijana alikuwa na akili ya haraka na mdomo wa haraka pia. Aliingia Maseno, shule kubwa ya wamisionari wa Kiprotestanti, akaondoka bila kumaliza, kwa sababu hakuelewana na wakubwa wa shule. Onyango alikasirika, akamtuma Mombasa kutafuta kazi ya ukarani. Kutoka hapo akaenda Nairobi, akihama ofisi hii na ile. Ku dansi moja ya Kendu Bay alimwona msichana anaitwa Kezia, wakapendana, Kezia akamfuata Nairobi, na baadaye ng'ombe za mahari zikatolewa. Wakazaa mtoto wa kwanza, Malik, mwaka 1958. Wasomaji, mshike jina hili la Kezia. Ku vitabu vya mapenzi mtu kama yeye hana hata sura moja.

Pale Nairobi Obama alipata kazi na mama mmoja Mmarekani, Betty Mooney, aliyeleta kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kazi hiyo watu wanaisahau, lakini mimi naona ni kati ya vitu bora alivyofanya: aliandika vitabu vidogo kwa Kijaluo, Otieno Jarieko, maana yake Otieno mwenye hekima, vya kufundisha watu wa kijiji usafi na kulima vizuri. Vilitoka mwaka 1959. Ni mtu asiyemaliza sekondari aliyeandika vitabu hivyo.

Mwaka huo huo Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikusanya pesa Marekani na kujaza ndege nzima na wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Kenya ilikuwa bado chini ya Waingereza na vijana walihitaji masomo ya juu haraka, kabla uhuru haujafika. (Sisi huku tulifika 30 Juni 1960 na watu waliomaliza iniversite wa kuhesabu kwa vidole, na tunajua gharama yake.) Obama hakupanda ndege ile. Mama Mooney na rafiki zake ndio walimsaidia kulipa njia na masomo. Iniversite iliyomkubali ilikuwa ya Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, vilivyofanywa jimbo la Marekani mwezi wa nane 1959, wakati ule ule alipokuwa anafika. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza Mwafrika ku iniversite ile. Nyuma aliacha Kezia na Malik, na mimba ya mtoto wa pili, Auma.

Honolulu ilimpenda mara moja. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kushuka chini kama ngoma kubwa, na akianza kuzungumza siasa watu wanazima muziki. Magazeti yalimtafuta. Yeye pia aliyatafuta: mwaka 1960 aliandikia gazeti moja la huko barua, akilalamikia namna lilivyoandika juu ya Kongo yetu.

Sasa tunafika ku benchi. Mwishoni mwa 1960, darasa la Kirusi. Msichana ana miaka 17, amezaliwa Kansas, familia imehama kila mara kufuata kazi ya baba yake, muuza viti na meza. Anaitwa Stanley. Ndiyo, Stanley, kama jina la zamani la mji wetu! Baba yake aliitwa Stanley naye akapewa jina lile lile. Shuleni alikuwa anachekwa, na ku iniversite akaanza kujiita Ann. Msichana wa kimya, wa vitabu. Yeye Obama alikuwa na miaka 24, anaongea kwa wote, anacheza dansi, anavuta kiko.

Randevu ya kwanza iliharibika, sawasawa na vitabu. Alimwambia wakutane saa saba ya mchana mbele ya maktaba. Ann alifika, hakuona mtu, akalala ku benchi, usingizi ukamchukua. Saa moja baadaye Obama akatokea na rafiki zake, bila wasiwasi wowote. Habari hii Ann mwenyewe alimpa mtoto wake, miaka mingi baadaye, akicheka. Mtu anayesoma kitabu cha mapenzi anapenda sana mahali kama hapo. Mimi nikiisoma, naona tayari mtu aliyezoea kungojewa.

Walioana tarehe 2 Februari 1961, ku kisiwa cha Maui, bila sherehe. Ann alikuwa na mimba ya miezi mitatu hivi. Hesabuni: siku 16 tu kabla, tarehe 17 Januari, Lumumba aliuawa Katanga, na hapa Stanleyville, mahali pa serikali ya Gizenga, watu walikuwa bado hawajaambiwa. Ku Marekani yenyewe, majimbo mengi yalikataza kwa sheria mtu mweusi na mtu mweupe kuoana. Mpaka 1967, mahakama kuu ilipovunja sheria hizo, yalibaki 16. Hawaii haikuwa nayo. Wazazi wa Ann walimeza mate wakakubali. Mzee Onyango, kutoka Kogelo, aliandika barua ya hasira kukataa.

Na siri? Obama alimwambia Ann kwamba alikuwa na bibi Kenya lakini wameachana. Hawakuwa wameachana. Mkubwa mmoja wa iniversite alipomuuliza, alijibu kwamba kwa desturi yao mwanaume kumwambia mwanamke yameisha inatosha. Makaratasi ya watu wa uhamiaji, ambayo baadaye yalitolewa hadharani, yanaonyesha kwamba walikuwa wanamfuatilia ju ya jambo hilo tangu 1961. Wengine wanamtetea: Mjaluo wa wakati ule aliweza kuwa na wabibi wengi, kwa hiyo kosa liko wapi? Kosa, ninavyoona, halikuwa desturi. Angesema desturi yake waziwazi, Ann angechagua akijua. Alichukua desturi wakati ilimfaa, na alipofika kwa msichana akaificha. Mdada anayesoma iniversite hapa kwetu, na anayependwa na kijana aliyetoka Isangi ama Buta, ana haki ya kuuliza ni nani amebaki kijijini, na kuuliza mapema.

Mtoto alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961. Kabla hajafika mwaka mmoja, Ann alikuwa mbali naye baba, ku Seattle, akisoma huku analea. Obama alimaliza masomo ya uchumi mwezi wa sita 1962, kwa miaka mitatu tu, kati ya wanafunzi bora kabisa. Akakubaliwa Harvard, akaenda peke yake. Ann aliomba talaka mwaka 1964, akaipata mwezi wa tatu. Bwana hakusimama mahakamani kupinga. Hakuna aliyekimbia ku uwanja wa ndege.

Ku Harvard alipita mitihani, akabakiza kuandika kazi ya mwisho ya udaktari. Watu wa uhamiaji walikuwa wamechoka na habari za wabibi wake, na iniversite nayo ikasema haina pesa zaidi kwake. Mwaka 1964 akarudishwa Kenya bila ile dokta. Alipenda kuitwa Daktari Obama mpaka mwisho, na haikuwa kweli. Mwalimu mmoja wa Boston, Ruth Baker, alimfuata Nairobi, wakaoana siku moja kabla ya Noeli. Yaani mdada wa pili wa Marekani alipanda ndege kufuata ile sauti. Naye alikuta Kezia yupo.

Kazini alianza vizuri. Mwaka 1965 aliandika ku jarida la Nairobi makala ya kupinga mpango wa uchumi wa serikali, ule uliobeba jina la usoshalisti wa Kiafrika. Aliuliza ardhi na biashara zitabaki ku mikono ya nani. Mpango ule ulikuwa wa wizara ya Mboya, rafiki yake, kwa hiyo lilihitaji moyo. Alifanya kazi ku kampuni ya mafuta, ku Benki Kuu, halafu ku shirika la utalii. Lakini alikunywa sana, alitukana wakubwa mbele ya watu, na nyumbani Ruth na watoto walipigwa. Haya watoto wake wenyewe wameyaandika, hatusingizii.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya posho, alikutana na Mboya barabarani katikati ya Nairobi, wakataniana kidogo. Dakika chache baadaye Mboya alipigwa risasi mlangoni mwa duka la dawa. Obama alikubali kutoa ushahidi ku kesi ya muuaji, jambo ambalo Mjaluo wa Nairobi wa siku zile hakulifanya bila woga. Mwaka uliofuata alifukuzwa ku shirika la utalii. Zikaja ajali za gari, hospitali, miaka ya kukaa bila mshahara, mpaka serikali ikamrudisha ku wizara ya fedha.

Kuna Desemba moja, 1971, alirudi Honolulu karibu mwezi mzima, akichechemea na fimbo. Mtoto alikuwa na miaka 10. Alimpa mpira wa basketi, akaenda darasani kwake kuzungumza juu ya Kenya, na wanafunzi wakamsikiliza kwa kimya, sauti ile ilikuwa bado ipo. Ann alikuwa ameshaolewa tena, na Mwindonesia, aliyempata pia ku iniversite ile ile ya Hawaii. Wale wawili walizungumza vizuri. Baada ya Noeli akapanda ndege, na mtoto hakumwona tena.

Usiku wa tarehe 24 Novemba 1982 gari lake liligonga mti Nairobi, akafa papo hapo, miaka 46. Walimzika Kogelo, karibu na baba yake Onyango. Ann alisoma mpaka akapata ile dokta aliyoikosa bwana yake wa kwanza, mwaka 1992, na akafa kwa kansa tarehe 7 Novemba 1995. Majivu yake mtoto wake na binti yake waliyamwaga baharini, upande wa kusini wa kisiwa cha Oahu, ku mawimbi.