Beryl Markham: Rubani aliyepeleka oksijeni machimboni usiku

Na Mwandishi Wetu, Nyarugusu

WACHIMBAJI wa Nyarugusu wanaoziona ndege zikipita juu ya Geita huenda hawajui kwamba miaka ya 1930 mmoja wa marubani waliohudumia machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria alikuwa mwanamke.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akapelekwa Kenya akiwa mtoto mdogo na kulelewa Njoro, katika shamba la baba yake, ambako alicheza na watoto wa Kinandi na kukijua Kiswahili. Alianza kwa kufundisha farasi wa mashindano, kisha akajifunza urubani kwa Tom Campbell Black. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo.

Kazi yake haikuwa na ratiba. Alibeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alisimulia safari ya mwaka 1935, alipotoka Nairobi usiku na mtungi wa oksijeni wa mgonjwa mahututi katika kambi ya dhahabu ya Nungwe, jina lililopo Geita hadi leo, na kutua kwa mwanga wa mioto.

Nchini Marekani, Helen Richey aliajiriwa na shirika la ndege la Central Airlines mwishoni mwa mwaka 1934. Chama cha marubani kikamkataa, akazuiwa kuruka hali ya hewa inapochafuka, akajiuzulu mwaka 1935. Markham hakuwa na ajira ya namna hiyo, lakini palipokosekana barabara, ndege yake ilihitajika. Hata hivyo, nafasi hiyo ilikuwa ya walowezi. Chini ya ukoloni, Mwafrika wa Kenya au Tanganyika hakufunguliwa mlango huo.

Septemba 4, 1936, Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, dhidi ya upepo. Baada ya zaidi ya saa 20, barafu iliziba mfumo wa mafuta, akaangukia kinamasi huko Cape Breton, Kanada, na kunusurika. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka hivyo.

Alifariki dunia Nairobi, Agosti 3, 1986. Ulimwengu ulimsifu kwa Atlantiki. Ujasiri wa kuruka gizani peke yake alikwisha kuuzoea akielekea machimboni.