Max Yasgur: Mfugaji aliyewafungulia mahipi malisho yake

Msikilizaji, ukitajiwa mahipi huenda unamuona kijana wa Kizungu mwenye nywele hadi mabegani, shanga shingoni na gitaa mkononi. Leo hatumzungumzii huyo. Tunamzungumzia mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye nywele fupi na miwani, aliyeamka alfajiri kama wafugaji wote. Hakuwa hipi hata siku moja. Lakini bila shamba lake, mkusanyiko mkubwa wa mahipi usingefanyika pale ulipofanyika, na pengine usingefanyika kabisa.

Jina lake ni Max Yasgur. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1919 katika jiji la New York, Marekani, na wazazi Wayahudi wenye asili ya Urusi. Alisoma sheria za ardhi na majengo katika Chuo Kikuu cha New York, lakini ofisi haikumvuta. Alirudi kwenye ufugaji, akajijenga katika eneo la Bethel, wilaya ya Sullivan, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka jijini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na ng'ombe wapatao 650, vyumba vya baridi vya kuhifadhia maziwa, na magari ya kuyasambaza. Wilaya nzima haikuwa na mzalishaji wa maziwa aliyemzidi.

Kabla hatujaendelea, tuwaelewe mahipi wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960, vijana wengi wa Marekani walianza kukataa maisha ya wazazi wao. Walifuga nywele, wakavaa nguo za rangirangi, wakaishi kwa makundi na kuhubiri amani. Wengi walivuta bangi na kutumia dawa nyingine za kulevya, na hilo liliwatia wazazi hofu kubwa. Nyuma ya yote kulikuwa na vita vya Vietnam. Kijana wa kiume aliweza kuitwa jeshini akiwa na miaka 18, lakini katika majimbo mengi hakuruhusiwa kumpigia kura rais aliyempeleka vitani mpaka afikishe miaka 21. Kwa hiyo ugomvi haukuwa wa nywele tu. Nyumba nyingi baba na mtoto walikaa meza moja bila kusemeshana.

Katika ugomvi huo, Yasgur alikuwa upande wa kina baba. Alikuwa mtu wa chama cha Republican, na aliiunga mkono serikali katika vita vile. Basi ilikuwaje?

Mwaka 1969 vijana wanne wafanyabiashara waliandaa tamasha la siku tatu la muziki. Walilipa jina la Woodstock, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Walikuwa wamepata eneo mahali paitwapo Wallkill, lakini mwezi Julai, ikiwa imebaki mwezi mmoja tu, viongozi wa pale waliwafungia mlango. Tiketi zilikuwa zimeshauzwa kwa maelfu, na mahali pa kufanyia hapakuwapo. Ndipo mmoja wao, Michael Lang, alipofika Bethel na kuliona shamba la Yasgur. Lilikuwa na mteremko wa nyasi uliojipinda kama bakuli, na chini yake tambarare ya kuweka jukwaa.

Mfugaji anayetusoma ataielewa sababu ya kwanza ya Yasgur kukubali. Mwaka ule mvua zilizidi, majani ya kukausha kwa ajili ya mifugo yakawa haba, na ng'ombe 650 hawangojei. Fedha za kukodisha malisho zingenunua chakula cha ng'ombe. Alipatana bei kama mtu anayejua hesabu, hakuwapa bure.

Habari zilipoenea, baadhi ya majirani walikasirika. Bango liliwekwa kuwataka watu wasinunue maziwa yake. Simu za vitisho zikaanza kuingia nyumbani kwake. Kwa mtu anayeishi kwa kuuza maziwa, na ambaye moyo wake ulikuwa tayari na maradhi, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kurudisha fedha na kujitoa. Yeye alifanya kinyume. Alisimama mbele ya viongozi wa mji wake akawatetea vijana wale. Hakusema anapenda mavazi yao wala mwenendo wao. Hoja yake ilikuwa kwamba Wamarekani wamekufa vitani ili watu wawe huru kukusanyika na kusema wanachoamini, na uhuru huo hauwezi kuwa wa wenye nywele fupi peke yao. Hapo hesabu ya majani ilikuwa imeshapitwa. Likawa suala la neno alilotoa.

Tamasha lilianza Ijumaa tarehe 15 Agosti 1969. Tiketi zaidi ya 180,000 zilikuwa zimeuzwa, lakini waliokuja wanakadiriwa kuzidi 400,000. Uzio haukuwahi kukamilika, nao waandaaji wakatangaza kwamba kiingilio ni bure. Barabara ziliziba, vijana wakaacha magari na kutembea kwa miguu. Kisha mvua ikanyesha, na malisho ya Yasgur yakageuka tope. Chakula kilipungua, vyoo havikutosha, na helikopta za jeshi, jeshi lilelile ambalo vijana wengi walilipinga, zikaleta madaktari na dawa. Yalikuwapo pia majonzi. Kijana mmoja aligongwa na trekta akiwa amelala ndani ya mfuko wake wa kulalia, na kifo kingine kilihusishwa na dawa za kulevya.

Katikati ya hayo, Yasgur alisikia kwamba kuna jirani anayewauzia vijana maji ya kunywa. Jambo hilo lilimuudhi kuliko tope lote. Aliweka bango kubwa kwenye ghala lake kutangaza maji ya bure, akaamuru maziwa na vyakula vyake vigawiwe. Si yeye tu. Wenyeji wengi, hata waliokuwa wamenung'unika, walitoa mayai na mikate kutoka majikoni mwao.

Sisi tuna msemo kwamba mgeni siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Yasgur alipanda jukwaani. Alijitambulisha kuwa ni mkulima asiyezoea kuhutubia hata watu 20, kisha akawaambia wameuonyesha ulimwengu kwamba watu wengi kiasi kile wanaweza kukaa pamoja siku tatu kwa muziki bila fujo. Walimshangilia kama mwanamuziki. Asubuhi ya Jumatatu Jimi Hendrix alipiga gitaa lake mbele ya waliosalia, na tamasha likaisha.

Wageni waliondoka, gharama zikabaki. Majirani walimshtaki kwa uharibifu wa mashamba yao. Duka la mjini alilozoea halikumkaribisha tena. Mwaka uliofuata alipoombwa kukodisha tena alikataa, akasema anarudi kwenye ng'ombe wake. Mwaka 1971 aliuza shamba na kuhamia Florida. Huko alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 9 Februari 1973, akiwa na miaka 53. Jarida la muziki la Rolling Stone lilimwandikia tanzia ya ukurasa mzima, heshima ambayo kwa kawaida iliwaendea wanamuziki. Wanaomfahamu wanasema hakujutia.

Na mahipi je? Wengi walikata nywele, wakapata kazi na watoto. Lakini waliyoyasema hayakuondoka nao. Mwaka 1970 Marekani iliadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza, na utunzaji wa mazingira ukawa jambo la kila mtu. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ulishushwa hadi miaka 18, na mwaka 1973 vijana wakaacha kulazimishwa kuingia jeshini. Mabadiliko hayo yalikuwa na watetezi wengi, si mahipi peke yao. Kilimo kisichotumia kemikali za viwandani kilipata wafuasi wengi miongoni mwao. Hata suruali pana chini ambazo wazee wetu waliziita bugaluu ni za zama hizo.

Mteremko ule wa nyasi bado upo. Tangu mwaka 2006 kuna ukumbi wa muziki kando yake, na mwaka 2017 eneo liliingizwa katika orodha ya kumbukumbu za kihistoria za Marekani. Watu hufika kulitazama, na wengi hulitaja kwa jina la Yasgur, ingawa aliliuza zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Msikilizaji, tunakuachia swali moja la kuzungumza nyumbani. Umeshatoa neno lako kwa watu ambao huupendi mwenendo wao, na majirani wanatishia kuacha kununua maziwa yako. Ungefanyaje?