Isaya Mukirane: mwalimu aliyekusanya historia ya Wakonzo

Mfanyabiashara anayevuka Mpondwe, jirani na Bwera, kwenda Kasindi upande wa Kongo, hubadilisha fedha, lakini lugha ya kupatana bei habadilishi. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo huelewana bila mkalimani. Ni jamii moja iliyogawanywa na mpaka wa wakoloni. Aliyejitokeza kuiandika historia ya watu wa milima hii ni Isaya Mukirane, mwalimu wa shule aliyefariki mwaka 1966.

Enzi za Waingereza, Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya Ufalme wa Toro. Kuwanyamazisha hakukuhitaji kufunga gazeti wala kuchoma kitabu. Shuleni na barazani lugha ilikuwa Kitoro, kwa hiyo Kikonzo kilibaki nyumbani na shambani. Habari za Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, viongozi wa uasi walionyongwa mwaka 1921, zilihifadhiwa vichwani mwa wazee. Mzee akifa, alizikwa nazo.

Mwaka 1954 Mukirane alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za koo, mila na asili ya watu wao. Mwaka huohuo alizunguka milimani na mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu safari hizo.

Kwa jina, kilikuwa chama cha historia tu. Lakini watu wa mabonde yaliyo mbalimbali walipokutana kuzungumzia mababu zao, walizungumzia pia kodi, nafasi za shule na vyeo vya uchifu. Wakagundua kwamba malalamiko yao ni yaleyale. Chama cha kukusanya simulizi kikawa mtandao wa siasa.

Mwaka 1962 Mukirane, Yeremiya Kawamara, Petero Mupalya na wajumbe wenzao walitoka nje ya Rukurato, baraza la Toro, baada ya kunyimwa kutambuliwa kama jamii zenye hadhi sawa na Watoro. Viongozi hao watatu walikamatwa. Mukirane alipopata dhamana alipanda mlimani, na Juni 30, 1962, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi inayojitegemea.

Hapo njia ziligawanyika. Wenzake walitaka wilaya yao ndani ya Uganda. Yeye akawa mfalme wa serikali ya mlimani. Gharama ilikuwa kubwa. Wakonzo, Waamba na Watoro waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikahama. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza hali ya hatari Busongora na Bwamba. Mukirane alifariki Septemba 1966, akamwachia kiti mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa bado kijana mdogo.

Wapiganaji waliweka silaha chini mwaka 1982, na mwaka 2009 Serikali ikautambua ufalme huo kama taasisi ya kitamaduni. Hata hivyo, suala la nani ana ruhusa ya kuandika habari za Rwenzururu halikuisha. Novemba 2016, vikosi vya usalama viliposhambulia ikulu ya Mumbere mjini Kasese na watu zaidi ya 100 kuuawa, mwandishi wa televisheni moja ya Kenya alikamatwa na kushtakiwa baada ya kusambaza picha za ikulu ikiungua. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye.

Leo Kikonzo kinasikika redioni Kasese, na mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Mchuuzi wa Bwera hupata habari za barabara na za usalama kwa lugha ya mama yake. Mukirane anakumbukwa zaidi kwa vita na ufalme, lakini kazi aliyoanza nayo, ya kuketi na wazee na kuandika wanayoyasema, haikumwaga damu ya mtu, na bado haijakamilika.