Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi na Mwalimu

Baada ya hesabu za fedha twapenda kuweka katika taarifa hii ukurasa mmoja kwa ajili ya mmoja wa wale waliotutangulia. Safari hii tumemchagua marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa kuwa mambo aliyoyashughulikia, yaani elimu ya watoto, madeni, na gharama za arusi na matanga, ndiyo yayo hayo yaletayo maneno mengi katika mikutano yetu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huu mpaka mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa, alifariki mtoto angali mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Alifuata pia maandishi yaliyokuwa yakitoka Misri, ya Muhammad Abduh na Rashid Rida, waliotaka Waislamu waamke.

Sheikh aliona watu wa pwani wakiuza ardhi, wakikopa kwa ajili ya fahari, na wakibaki nyuma katika elimu. Mwaka 1930 alianzisha kijigazeti kilichoitwa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Hapa ndipo ionekanapo busara yake. Wanachuoni wengi wa wakati ule wakiandika kwa Kiarabu, na waliokisoma sawasawa walikuwa wachache. Yeye alitumia Kiswahili, ili mwenye duka na baharia nao wasikie, na asiyejua kusoma asomewe barazani.

Alihimiza wasichana wasomeshwe. Aliwalaumu wale walioiga Wazungu katika mavazi na starehe, wakauacha utaratibu wao na bidii yao ya kazi. Kalamu yake ilikuwa kali, na hatufichi kwamba iliwachoma wengi. Kumwambia mfiwa kwamba karamu ya matanga ni upotevu wa mali si jambo jepesi, maana mwenye msiba hupika kwa huzuni, na hupika pia kwa kuogopa macho ya jirani. Kadhalika alipinga baadhi ya desturi za dini ambazo watu walizipenda tangu utoto wao. Hata hivyo hakujitenga nao. Alibaki katika madhehebu ya Shafi, madhehebu ya wenzake mjini, na katika walimu wake wakubwa mmoja, Sayyid Ahmad, alikuwa sharifu.

Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Pengine mtu atauliza, imekuwaje aliyewaonya watu wasiwaige Wazungu akakubali kazi chini ya serikali yao? Sisi twaona kwamba kiti kile kilimkamilisha. Gazeti husema na watu wote kwa pamoja, wala halioni uso wa mtu. Kadhi huketi mbele ya mume na mke waliokasirikiana, na mbele ya ndugu wanaogombea nyumba ya urithi, na kila mmoja ana uchungu wake. Hapo fikira nzuri peke yake haimfai mtu asiyejua kusikiliza. Miaka 15 Sheikh alikaa katika kazi hiyo, mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 1947.

Wala hakuacha kufundisha. Aliasisi Madrasa ya Al-Ghazali hapa Mombasa, na akatunga vitabu vya dini kwa Kiswahili vya kusomeshea watoto. Makala zake za gazetini zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Twadhani kazi hii ya polepole ndiyo iliyozaa kuliko ukali wa kalamu, kwani mzee aliyekemewa huenda akanuna, lakini mtoto aliyesomeshwa hukua na elimu yake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1963 hata 1968.

Sheikh Al-Amin alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, mauti yakamkuta hajamaliza. Historia ya ukoo wake, aliyoiandika kwa Kiarabu, ilipigwa chapa mwaka 1995, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.