Shima Seiichi: Mwanachuo Aliyemaliza Mechi Mbili Bila Kupigwa

Besiboli kwetu si mchezo wa mtaani, kwa hiyo wacha nieleze kidogo. Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anaukabili kwa gongo. Mechi ina zamu 9, na ili kuimaliza inabidi uwatoe wapinzani 27. Mpigaji akiupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza, hilo linahesabiwa pigo. Sasa kuna siku, tena za nadra, ambapo mtupaji anamaliza zamu zote 9 bila kupigwa pigo hata moja. Wapo watupaji wazuri wa kulipwa waliostaafu bila kuionja siku hiyo. Shima Seiichi aliionja katika mechi mbili zilizofuatana, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Alizaliwa Wakayama, Japani, Desemba 1920. Shule yake, Kaiso, ilikuwa inafika mara kwa mara kwenye mashindano ya taifa ya shule, yale yanayochezwa kila Agosti katika uwanja wa Koshien. Shima alitumia mkono wa kushoto na mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha. Tatizo lake lilikuwa moyo. Mechi ikibana alikuwa anapaniki, shabaha inapotea, timu inarudi nyumbani mikono mitupu. Sote tunamjua mtu wa namna hiyo: kwenye diskasheni anawafundisha wenzake wote, akiingia kwenye UE anaganda.

Agosti 1939 hakuganda. Kaiso walicheza mechi 5, yeye akatupa zote, zamu 45, na hakuna timu iliyopata hata pointi moja. Aliwatoa wapigaji 57 kwa kuwakosesha mpira kabisa. Nusu fainali, hakuna pigo. Fainali dhidi ya Shule ya Biashara ya Shimonoseki, hakuna pigo tena, Kaiso wakashinda 5-0. Rekodi ya zamu 45 ilikuja kufikiwa mwaka 1948 na mtupaji wa Kokura. Mechi mbili za mwisho mfululizo bila pigo, hiyo imebaki yake.

Baada ya hapo akajiunga na Chuo Kikuu cha Meiji, Tokyo, akacheza ligi ya vyuo sita na kufika kuwa nahodha. Hakung'ara kama alivyong'ara Koshien, na mimi simlaumu. Nchi ilikuwa vitani, na mwaka 1943 ligi yenyewe ikavunjwa kwa amri ya serikali.

Hapa ndipo stori inapotuhusu sisi wanachuo. Hadi wakati huo mwanafunzi wa chuo Japani aliweza kuahirishiwa kuitwa jeshini mpaka amalize masomo. Vuli ya 1943 kinga hiyo ikaondolewa kwa wanafunzi wa sheria, sanaa na fani kama hizo. Wa sayansi na uhandisi wakaachwa waendelee, maana taifa liliwahitaji maabara na viwandani. Yaani kozi uliyochagua bila kuwaza vita ndiyo iliyoamua kama utabaki darasani. Oktoba 21 wizara ya elimu ikaandaa gwaride la kuwaaga, mvua ikinyesha, katika uwanja wa riadha wa Meiji Jingu. Uwanja ule ulikuwa katika bustani moja na uwanja wa besiboli wa ligi ya vyuo.

Shima akaingia jeshi la majini. Machi 29, 1945, meli yake ya kusindikiza misafara ilizamishwa na nyambizi ya Marekani karibu na pwani ya Vietnam. Alikuwa na miaka 24. Vita viliisha Agosti mwaka huohuo. Kuna wanaopenda kumwita shujaa wa vita. Mimi naona hilo ni jina walilompa watu waliomtoa darasani.

Fainali ya Koshien ilikaa miaka 59 bila mtupaji mwingine wa aina hiyo, mpaka Matsuzaka Daisuke wa Yokohama mwaka 1998. Matsuzaka alikwenda kwenye besiboli ya kulipwa, akafika Boston, akatwaa ubingwa wa Marekani 2007, akaumia, akarudi, akastaafu 2021 akiwa na miaka 41, mkono umechakaa kabisa kwa kazi. Shima aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Besiboli la Japani mwaka 2008.